Tanuri la maabara laeleza mbio za lava ya Nyiragongo

Kwa wanaovuka kila siku kati ya Gisenyi na Goma, mlima Nyiragongo ni jirani asiyehamishika. Usiku wa Mei 22, 2021 ubavu wake ulipasuka, lava ikafika karibu na uwanja wa ndege wa Goma na kukata barabara ya Rutshuru, ambayo huingiza mjini mazao ya mashambani. Siku 5 baadaye wakazi wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuhama. Maelfu walikimbilia Rwanda, wengine Sake.

Swali la wengi ni hili: mlima ukipasuka tena, kuna muda gani wa kuokoa watu na mali? Sehemu ya jibu inatoka maabara.

Wataalamu huchukua mawe ya lava iliyopoa, huyasaga na kuyayeyusha upya kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,200 za Selsiasi. Humo huzamisha fimbo ya madini yasiyoyeyuka kwa joto hilo, kisha mota huizungusha. Kama mpishi anavyojua uzito wa ugali kwa mwiko, nguvu inayohitajika kuzungusha fimbo huonyesha mnato wa lava.

Mawe ya mlipuko wa 2002 yalipopimwa, yalitoa uji mwepesi mno. Sababu ni uchache wa silika, madini ambayo chembe zake hushikana na kuifanya lava iwe nzito. Lava ya Nyiragongo ina silika karibu asilimia 40 tu, wakati ile ya Hawaii hufikia takriban asilimia 50. Ndiyo maana mwaka 1977 ziwa la lava lililo kileleni lilimwagika lote katika muda usiofika saa moja, na kasi yake mlimani ikakadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa.

Jaribio la pili ni kupoza uji huo taratibu. Joto likishuka, fuwele huota ndani yake na lava huwa nzito ghafla. Kwa hiyo anayeishi mlimani ana dakika chache tu, lakini mjini kwenye tambarare lava hupunguza mwendo. Mwaka 2002 wakazi wengi wa Goma waliweza kuikwepa kwa miguu. Mali haikuwa na miguu: lava ilifunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na zaidi ya watu 100,000 wakabaki bila makazi.

Vipimo hivyo huingizwa kwenye kompyuta kukadiria njia ambazo lava inaweza kufuata, na ramani za hatari huchorwa kutokana na makadirio hayo.

Lakini maabara haitaji siku ya mlipuko. Mwaka 2021 magma ilikuwa tayari juu ndani ya mlima, hivyo ukuta ulipopasuka ilitoka bila dalili za siku nyingi.

Kwa mfanyabiashara, maana yake ni kutotegemea onyo refu. Kabla ya kukodi ghala, aulize lava za 1977, 2002 na 2021 zilipita wapi. Asiweke mzigo wote upande mmoja wa mpaka, na vitambulisho, pesa na daftari la madeni viwe mahali pa kunyakuliwa mara moja.