Mashariki mwa Kongo: Hospitali zinahitaji pia wakutubi waliosomea kazi

Wakati Ebola ilipoua maelfu ya watu nchini Liberia mwaka wa 2014, viongozi wa afya wa nchi ile walikuwa wakiamini kwamba ugonjwa huo haukuwahi kufika kwao. Kumbe maandishi yalikuwapo. Tangu 1982, watafiti kutoka Ulaya walichapisha katika jarida la sayansi kwamba damu ya wakaaji wa vijijini Liberia ilikuwa na alama za Ebola, na wakashauri nchi hiyo ihesabiwe kati ya zile zenye virusi hivyo.

Mwaka wa 2015, viongozi wa afya wa Liberia walieleza jambo hilo wenyewe katika gazeti la New York Times. Walisema kwamba kupakua makala moja ya aina hiyo kulidai dola 45, karibu mshahara wa nusu wiki wa mganga wa kwao. Onyo lilikuwa limeandikwa, lakini halikufika mikononi mwa aliyelihitaji.

Sisi wa mashariki mwa Kongo hatuna haja ya kuelezwa bei ya onyo lisilofika. Kati ya mwezi wa nane 2018 na mwezi wa sita 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2.200 katika majimbo yetu, hasa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Katika mazungumzo ya baada ya hapo tulisikia juu ya waganga, wauguzi, chanjo na magari. Kuna mtu mmoja ambaye hakutajwa mara nyingi: mkutubi wa afya, yaani mtunza maktaba aliyefunzwa kutafuta habari za kitabibu na kuzifikisha kwa wanaotibu.

Ufunguo uko kwa nani?

Katika chuo kimoja cha uuguzi, ambacho sitakitaja jina, niliomba siku moja kuonyeshwa maktaba. Nilingoja karibu saa nzima mpaka mwenye ufunguo akapatikana. Ndani kulikuwa na rafu mbili, vitabu vingi vya miaka ya 1980, silabusi zilizofungwa kwa kamba na kompyuta iliyofunikwa kitambaa. Mzee aliyepewa chumba hicho alikuwa mpiga chapa zamani. Mashine zilipoisha, akaletwa maktaba. Anajua kila kitabu kwa rangi yake. Hajawahi kufundishwa namna ya kutafuta makala hata moja kwenye intaneti, na hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Kosa si la mzee huyo. Alipewa ufunguo, hakupewa mafunzo. Na hapo ndipo penye shida yetu: tunaamini kwamba kutunza maktaba ni kupangusa vumbi na kuandika jina la aliyeazima kitabu.

Kutafuta vibaya kunaweza kuua

Mwezi wa sita 2001, mjini Baltimore nchini Marekani, mwanamke wa miaka 24 mwenye afya njema alikufa baada ya kuvuta dawa iitwayo hexamethonium. Alikuwa amejitolea kwa utafiti juu ya pumu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, moja ya vyuo vinavyoheshimiwa sana ulimwenguni. Mtafiti alikuwa ametafuta madhara ya dawa hiyo katika PubMed, hazina kubwa ya makala za tiba kwenye intaneti. Wakati ule hazina hiyo ilirudi nyuma hadi 1966 tu. Makala za miaka ya 1950 zilizoonya kwamba dawa hiyo inaweza kuharibu mapafu hazikuwa ndani yake. Zilikuwa katika maandishi ya zamani, zikingoja mtu anayejua kwamba utafutaji hauishii kwenye kompyuta.

Baada ya kifo hicho, wengi walikubali kwamba utafiti unaogusa mwili wa mtu unahitaji mkutubi aliyefunzwa karibu nao. Kama yaliweza kutokea Baltimore, penye vitabu na umeme, sisi tuna sababu zaidi ya kujihadhari.

Anafundishwa nini?

Chukua mfano mmoja. Mkunga wa kituo cha afya anauliza: mama akivuja damu nyingi baada ya kuzaa, na friji ya kuwekea oksitosini haina umeme, tufanye nini?

Mkutubi asiyefunzwa ataandika maneno hayo kwenye Google na kuchukua jibu la kwanza. Aliyefunzwa atagawanya swali kwanza: mgonjwa ni nani, tiba gani zinalinganishwa, matokeo gani yanatafutwa. Kisha atalitoa swali kutoka Kiswahili, kwa kuwa makala nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Hapo atatumia orodha ya maneno ya kitabibu iitwayo MeSH, iliyoanzishwa mwaka wa 1960 na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Taasisi ya Inserm ya Ufaransa huitafsiri kwa Kifaransa, na hilo ni daraja kwa mwanafunzi aliyesomea Bukavu au Goma.

Mwisho atapima alichopata. Ataona kwamba kuna vidonge vya misoprostoli visivyohitaji friji. Ataona pia utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017, uliofanywa kwa wanawake zaidi ya 20.000 katika nchi 21: dawa ya asidi traneksamiki, ikitolewa ndani ya saa tatu baada ya kuzaa, ilipunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu theluthi moja. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilibadilisha ushauri wake mwaka huohuo. Mkutubi atayaweka hayo kwenye ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo mkunga anaisoma, pamoja na tarehe na asili ya kila habari. Uamuzi wa kutibu unabaki kwa mganga na mkunga. Yeye amewaletea mwanga wa kuamulia.

Mambo haya hayafunzwi darasani peke yake. Mwaka wa 1971, mjini Kansas City, mkutubi Gertrude Lamb alianza kuwapeleka wakutubi kwenye vyumba vya wagonjwa pamoja na waganga, ili wasikie maswali pale yanapozaliwa. Mwanafunzi wa kazi hii anapaswa kuzunguka hospitalini. Anapaswa pia kufunzwa kufunga mdomo, kwa sababu atasikia siri za wagonjwa.

Mlango ulio wazi

Wengine watasema: hatuna pesa za kununua majarida. Lakini tangu mwezi wa kwanza 2002, OMS na wachapishaji sita wakubwa walifungua mpango wa Hinari, ulioanza na majarida karibu 1.500. Leo Hinari ni sehemu ya Research4Life, na orodha imekuwa kubwa mara nyingi zaidi. Nchi yetu iko katika kundi lisilolipa kitu.

Hata hivyo, anayeandikishwa ni chuo au hospitali, si mtu mmoja mmoja. Lazima pawe na mtu wa kuomba uandikishaji, kutunza neno la siri, kuwaonyesha wanafunzi njia na kufuatilia panapotokea kizuizi. Pasipo mtu huyo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaendelea kunakili silabusi ya mwalimu wake, nayo ilinakiliwa kutoka nyingine.

Tatizo la umeme na intaneti ni la kweli. Ndiyo maana mafunzo yetu yasiwe nakala ya yale ya Ulaya. Mkutubi wa hapa ajue kupakua usiku, wakati mtandao una nguvu, na kuweka miongozo kwenye fleshi kwa ajili ya vituo vya mbali. Ajue programu kama Kiwix, inayowezesha kusoma bila intaneti. Zamani OMS ilisambaza Afrika masanduku ya buluu, kila moja likiwa na vitabu zaidi ya mia moja kwa ajili ya maeneo ya afya. Hata sanduku lilihitaji mtu wa kulisimamia.

Kusomea wapi?

Kwa anayesoma kwa Kifaransa, shule yenye jina ni EBAD ya Dakar, nchini Senegal, katika Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop. Karibu na kwetu kuna Makerere, mjini Kampala, ambako shule ya wakutubi ya Afrika ya Mashariki ilianzishwa mwaka wa 1963. Pale pia kuna maktaba ya tiba yenye jina la mganga Albert Cook. Kutoka Goma, Kampala inafikika kwa basi, wakati Kinshasa inadai ndege. Lakini Makerere wanafundisha kwa Kiingereza. Kijana wetu anajikuta katikati: lugha anayoijua iko mbali, na shule iliyo karibu ina lugha asiyoimudu.

Jibu linaweza kuanzia nyumbani. Vyuo vyetu vya ufundi wa tiba, ISTM, pamoja na vitivo vya tiba vya Bukavu, Goma na Butembo, vina walimu wa magonjwa, wa takwimu na wa kompyuta. Vikikaa pamoja, vinaweza kutoa cheti cha mwaka mmoja kwa wauguzi wanaopenda kazi hii na kwa watunza maktaba waliopo tayari. Jumuiya ya wakutubi wa afya barani Afrika, AHILA, iliyopo tangu 1984, ni mahali pa kuomba uzoefu na walimu. Na serikali ifanye sehemu yake: iitambue kazi hii hospitalini na kuilipa. Hakuna mzazi atakayelipa masomo ya mtoto ambaye mwishowe atapewa ufunguo na kitambaa cha vumbi.

Tukumbushe kwamba mgonjwa wa kwanza wa mpox aliyejulikana kati ya binadamu alikuwa mtoto wa Basankusu, hapa nchini, mwaka wa 1970. Aina mpya ya virusi hivyo ilitambuliwa kwa wagonjwa wa Kamituga, Kivu ya Kusini, na tarehe 14 mwezi wa nane 2024 OMS ilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Tangu hapo makala juu ya Kamituga zinasomwa Geneva na Atlanta. Muuguzi wa Kamituga, ambaye wagonjwa hao wamelala mbele yake, naye ana haki ya kuzisoma.