Nakala za mkono zinavyozipumzisha picha za Joy Adamson

WENGI humkumbuka Joy Adamson kwa kisa cha simba jike Elsa, alichokisimulia katika kitabu Born Free mwaka wa 1960. Kabla ya hapo alikuwa mchoraji, na maua aliyoyachora kwa rangi za maji yalimpatia nishani ya dhahabu ya Grenfell nchini Uingereza mwaka wa 1947.

Sehemu ya kazi zake imehifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, kando ya barabara itokayo katikati ya jiji kuelekea Westlands.

Adui wa picha hizo ni mwanga. Rangi za maji hupakwa nyembamba, na zikipauka hazirudi. Picha ikitundikwa kila siku hufifia. Ikifungiwa gizani, umma haufaidiki.

Njia mojawapo ya kutatua utata huo ni chapa iliyopakwa rangi kwa mkono. Fundi huchora mistari ya picha, kinyumenyume, kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta. Bamba hutiwa katika tindikali, nayo hula shaba pale tu palipokwaruzwa.

Wino hujazwa katika mifereji hiyo na uso wa bamba kupanguswa. Kisha karatasi nzito, iliyoloweshwa, hukandamizwa juu yake kwa mtambo.

Karatasi ikikauka, rangi hupakwa kwa brashi, hafifu kwanza, nzito baadaye. Weupe wa karatasi huachwa uwe ndio nuru ya petali. Kwa hivyo hakuna nakala mbili zinazofanana kabisa, na kila moja huandikwa nambari yake kwa penseli.

Mnunuzi anaweza kujikinga dhidi ya ulaghai kwa kioo cha kukuzia. Vitone vidogo vilivyopangika ni dalili ya mashine. Rangi ya mkono hutiririka na huvuka mistari. Bamba nalo huacha alama ya kubonyea pembezoni.

Hata hivyo, kumiliki picha si kumiliki haki ya kuinakili. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 hulinda kazi ya msanii kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Adamson aliuawa Januari 1980. Anayetaka kuchapisha maua yake hana budi kutafuta kwanza idhini ya mwenye haki, ndipo aishike sindano.