Picha za Kaboni: Uteuzi wa Rangi na Karatasi

Mtu afunguapo sanduku la kale la familia, mara nyingi hukuta picha iliyobadilika: palipokuwa peusi pamekuwa hudhurungi, na nyuso zilizokuwa wazi zimefifia hata hazitambulikani. Tatizo hili ni la zamani karibu sawa na sanaa ya upigaji picha yenyewe. Mwaka 1855 chama cha wapiga picha cha London kiliunda kamati ya kuchunguza sababu zake. Ilionekana kwamba dawa ya kuimarishia picha isipooshwa barabara hubaki katika karatasi, na salfa yake huishambulia fedha inayofanya weusi wa picha. Unyevu na hewa chafu ya mjini huzidisha madhara hayo.

Je, haikuwezekana kuchapa picha kwa kitu kisichobadilika? Kitu hicho kilijulikana tangu kale, nacho ni kaboni, ambayo kila mtu huiona katika masizi ya kibatari. Maandishi ya Wamisri yaliyoandikwa kwa wino wa masizi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita yangali meusi.

Kazi ya mwanga

Kaboni yenyewe haiathiriwi na mwanga. Kwa hiyo mwaka 1855 Mfaransa Alphonse Poitevin aliichanganya na gelatini na chumvi ya daikromati. Mchanganyiko huo upatapo mwanga, hasa miali ya urujuanimno, kromiamu iliyo katika hali ya oksidisho ya +6 hushuka kufikia +3, nayo hufunganisha molekuli za gelatini. Gelatini iliyopata mwanga haiyeyuki tena katika maji ya moto. Isiyopata huyeyuka na kuondoka pamoja na rangi yake.

Hata hivyo, ilibaki kasoro moja. Mwanga huingia kutoka juu, hivyo gelatini hugandia juu na kubaki laini chini. Sehemu za kijivu zilikosa pa kushikilia, zikachukuliwa na maji. Mwaka 1864 Joseph Swan, mkemia wa Newcastle nchini Uingereza, aliyekuja kujulikana pia kwa taa yake ya umeme, alipata hataza ya njia iliyoondoa kasoro hiyo. Tabaka lililokwisha kupata mwanga hulowekwa katika maji baridi na kugandamizwa kifudifudi juu ya karatasi nyingine. Kisha vyote hutiwa katika maji ya nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na karatasi ya kwanza hubanduliwa. Hubaki picha yenye miinuko: penye giza tabaka ni nene, penye weupe ni jembamba mno.

Leo wachapaji wengi wa picha hizi hutengeneza vifaa vyao wenyewe. Hivyo mzigo wa kuchagua ni wao, na chaguo baya huondoa sababu yote ya kuitumia njia hii.

Uteuzi wa rangi

Rangi ifaayo huwa na sifa tatu. Kwanza, isichujuke kwa mwanga. Pili, isishambuliwe na daikromati, ambayo ni kioksidishaji kikali, wala isiigandishe gelatini kabla ya wakati. Tatu, chembe zake ziwe laini sana na zienee sawasawa, kwani chembe kubwa hutuama na kuacha madoa.

Masizi na aina nyingine za kaboni hutimiza masharti hayo, lakini weusi wao haufanani. Chembe ndogo sana huelekea hudhurungi katika tabaka jembamba, hali masizi yenye chembe kubwa zaidi huelekea buluu. Mchapaji atakaye weusi usioegemea upande wowote huongeza udongo wa rangi kidogo katika masizi ya buluu. Oksaidi za chuma, zile zile zinazoupa udongo mwekundu wa Afrika Mashariki rangi yake, ni imara pia.

Majina ya dukani huweza kudanganya. Ni afadhali kusoma alama ya rangi kwenye chupa. PBk 6 na PBk 7 ni kaboni. PR 101 ni oksaidi ya chuma. PR 83, nyekundu ya alizarini, hupendeza siku ya kwanza, lakini huchujuka.

Kiasi nacho kina maana. Rangi ikizidi, huzuia mwanga kupenya, na tabaka linalogandishwa huwa jembamba. Ikipungua, weusi wa picha hugeuka kijivu.

Uteuzi wa karatasi

Weupe wote wa picha ni weupe wa karatasi. Karatasi ikigeuka manjano, uimara wa kaboni hausaidii kitu. Karatasi ya gazeti ina lignini nyingi kutoka katika mti, nayo hugeuka manjano upesi juani. Karatasi ya pamba, isiyo na asidi, hudumu. Karatasi iliyotiwa kemikali za kung'arisha haifai, kwa sababu mng'ao huo hupotea.

Vilevile karatasi lazima istahimili maji ya moto bila kuchanika. Uso wake hupakwa gelatini iliyogandishwa kwa kemikali, ili picha ishike wala isizame katika nyuzi. Karatasi yenye mashimo hunasa vipovu vya hewa, na sehemu nyembamba za picha hubanduka.

Jaribio la darasani

Daikromati ni sumu na husababisha saratani. Katika Umoja wa Ulaya matumizi yake yanadhibitiwa kwa kibali tangu mwaka 2017. Haifai kuchezewa darasani. Lakini uteuzi wa rangi na karatasi huweza kuchunguzwa bila kemikali hiyo.

Wanafunzi wayeyushe gelatini ya kupikia katika maji ya vuguvugu, waigawe katika vikombe, na kutia masizi katika kimoja, udongo mwekundu uliochekechwa katika cha pili, na wino wa kalamu katika cha tatu. Kila mchanganyiko upakwe juu ya vipande vya gazeti, daftari na karatasi ya kuchorea. Nusu ya kila kipande ifunikwe kwa karatasi ya aluminiamu, na vyote viwekwe dirishani penye jua kwa wiki 6. Vipande vingine vya aina hizo hizo vifungiwe gizani kwa kulinganisha.

Aluminiamu itakapoondolewa, darasa liandike majibu ya maswali mawili mbalimbali: ni rangi ipi iliyobadilika, na ni karatasi ipi iliyobadilika? Kipande chenye masizi juu ya gazeti kitafaa kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndicho kitakachoonyesha kwamba rangi imara haiokoi karatasi dhaifu.