Je, Wajua? Roboti ya Magurudumu Matatu Hubadili Njia Bila Kugeuka

Iweke sakafuni, uielekeze ukutani, kisha iamuru iende kushoto. Itakwenda kushoto moja kwa moja, na uso wake utabaki umeutazama ukuta uleule. Iamuru iende mshazari, itakwenda mshazari. Iamuru ivuke chumba huku ikijizungusha, itavuka kwa mstari ulionyooka, ikizunguka njia nzima. Gari la kawaida haliwezi hata moja kati ya hayo, wala baiskeli, wala mkokoteni. Na chombo kinachoyafanya yote kina mota tatu tu na magurudumu matatu, na wanafunzi wa sekondari wanaweza kukiunda juu ya meza ya maabara.

Siri imo kwenye gurudumu lenyewe, ambalo watu wa roboti huliita omni. Ukilishika mkononi utaona kwamba ukingo wake haukuvishwa tairi. Umepangwa rola ndogondogo za plastiki au mpira mgumu, kila rola na ekseli yake iliyolala kufuata ukingo. Lisukume mbele mezani: rola zimetulia, gurudumu zima linabiringika. Lisukume ubavuni: sasa gurudumu ndilo lililotulia, na rola iliyogusa meza ndiyo inayozunguka. Yaani linaishika sakafu upande mmoja na kuiachia upande wa pili. Yaliyo bora yana safu mbili za rola zilizopishana, ili pale penye pengo la safu moja pawe na rola ya safu nyingine. Yenye safu moja huitetemesha roboti kila pengo linapopita chini, na mtetemo huo hufika hadi kwenye kamera na vihisi.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1919, J. Grabowiecki alipewa hataza nchini Marekani kwa gurudumu lenye rola ukingoni. Halikupata soko kubwa, na si ajabu, kwa sababu wakati ule hapakuwa na kompyuta ya kuongoza mota za magurudumu kama hayo. Miaka ya 1970 wazo lilirudi kwa njia mbili. Huko Uswidi, mhandisi Bengt Ilon wa kampuni ya Mecanum alilaza rola kwa pembe ya nyuzi 45, akapata gurudumu ambalo leo hubeba foklifti zinazoingia kwenye vichochoro vya maghala kwa ubavu. Na Marekani, Josef Blumrich, mhandisi wa NASA aliyezaliwa Austria, alisajili mwaka 1974 gurudumu la kwenda pande zote alilolibuni baada ya kusoma maono ya nabii Ezekieli kuhusu magurudumu yaendayo bila kugeuka. Blumrich aliamini kwamba Ezekieli aliona chombo cha anga, akaandika kitabu kizima kulitetea jambo hilo. Mimi sikubaliani naye hata kidogo kuhusu chombo cha anga. Gurudumu lake, hata hivyo, ni uhandisi halali.

Hatua iliyofuata ilipigwa Tennessee, katika Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, ambako François Pin na Stephen Killough walichapisha mwaka 1994 kazi yao juu ya chasisi inayosogea pande zote kwa vifurushi vitatu vya magurudumu vilivyopangwa kwenye pembetatu. Muda si mrefu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh wakatengeneza roboti ndogo ya magurudumu matatu ya omni, mota tatu za servo na vihisi vitatu vya infraredi, na ubongo wake ulikuwa Palm Pilot, kile kikompyuta cha mkononi kilichotangulia simujanja. Waliitoa iwe kifurushi ambacho mtu yeyote angeweza kujiundia. Hapo ndipo chombo hiki kilipotoka mikononi mwa maabara za serikali na kuingia mikononi mwa wanafunzi, na kwa maoni yangu ndipo kilipopata makao yake ya kweli.

Kwa nini matatu, si mawili wala manne? Kitu kinachotambaa juu ya sakafu tambarare kina namna tatu tu za kwenda: mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kujizungusha. Mwendo mwingine wowote unaoweza kuufikiria ni mchanganyiko wa hiyo mitatu. Gari lina vitu viwili tu vya kuuongoza mwendo wake, usukani na mwendo wa injini, ndiyo maana dereva anayetaka kusogea ubavuni hata hatua moja lazima aende mbele, arudi nyuma, aende tena mbele. Mota tatu kwa mienendo mitatu: hakuna inayopungua, hakuna inayozidi. Ukiongeza mota ya nne, mwendo wake unakuwa umeshaamuliwa na zile tatu za mwanzo, na isipokubaliana nazo sawasawa, magurudumu huanza kushindana na kuteleza.

Kuna faida nyingine ambayo mpishi wa kijijini anaijua tangu zamani. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu; mafiga matatu huinjika hata juu ya ardhi yenye mabonde, bila kuyumba. Magurudumu matatu nayo hugusa sakafu yote kwa pamoja, siku zote. Chasisi ngumu ya magurudumu manne ikipita juu ya waya au ukingo wa kigae, gurudumu moja huinuka, na gurudumu lililo hewani haliongozi kitu.

Tuingie karakana. Chukua plaiwudi ya milimita 12, bikari na rula. Chora duara, tuseme lenye rediasi ya sentimita 15. Usikunje wala kupanua bikari: iweke kwenye mzingo wa duara na upige alama, hamia kwenye alama hiyo upige nyingine, endelea hivyo. Utarudi ulipoanzia baada ya alama sita kamili, kwa sababu rediasi huingia mara sita kuzunguka duara lake. Ruka moja, chukua moja, na umebaki na alama tatu zilizoachana kwa nyuzi 120, sahihi kuliko protrakta ya plastiki. Kutoka kila alama piga mstari hadi kitovu. Mota zinalala juu ya mistari hiyo, ekseli zimeelekea nje, na kila gurudumu linakaa sambamba na ukingo wa duara. Usahihi wa hapa una thamani kuliko rangi na mapambo yote yatakayofuata: mota iliyopinda kidogo tu huifanya roboti ijipindie njiani, na hakuna programu itakayolificha kosa hilo vizuri.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo moyo wa jambo. Amua kwamba uso wa roboti uko katikati ya magurudumu mawili, na la tatu liko nyuma. Ukitaka iende mbele kwa nusu mita kwa sekunde, kila gurudumu la mbele linahitaji mita 0.43 kwa sekunde (0.5 mara kosaini ya nyuzi 30), moja likizunguka kinyume cha lingine, na gurudumu la nyuma linahitaji sifuri. Ndiyo, sifuri: mota yake imesimama, rola zake zinabiringika tu. Ukitaka iende ubavuni kwa kasi ileile, la nyuma linabeba 0.5 na ya mbele mawili yanabeba 0.25 kila moja (0.5 mara saini ya nyuzi 30), kinyume cha lile la nyuma. Jumlisha kasi zote tatu kwa alama zake za chanya na hasi: utapata sifuri kwa mbele, sifuri kwa ubavuni, sifuri kwa mshazari wowote. Jumla ikiwa si sifuri, basi roboti inajizungusha, na theluthi ya jumla hiyo ndiyo kasi ya mzunguko ukingoni mwake. Mwanafunzi aliyekuwa akiuliza saini na kosaini zina kazi gani maishani amelipata jibu, na jibu linatembea.

Kuna jambo ambalo wengi hawaliamini hadi walipime kwa utepe na saa. Roboti hii ikienda mbele inaweza kukimbia kuliko ukingo wa magurudumu yake. Ukingo ukizunguka kwa mita 1 kwa sekunde, roboti inakwenda mita 1.15. Magurudumu ya mbele yamekaa mshazari kwa nyuzi 30 kutoka njia ya safari, na pengo la kasi linazibwa na rola zinazobiringika kwa upande wake. Lakini hakuna cha bure katika fizikia: kinachopatikana kwenye kasi hulipwa kwenye nguvu. Mota tatu zikisukuma kwa nguvu zote upande mmoja kwenye gari la kawaida, nguvu zake hujumlika mara tatu. Hapa, ukienda mbele unapata mara 1.73 tu ya nguvu ya mota moja, na ukienda ubavuni bila kuzunguka unapata mara 1.5.

Kabla ya kuiweka sakafuni mara ya kwanza, iinue juu ya matofali ili magurudumu yaning'inie. Agiza mbele: la nyuma lazima litulie kabisa. Agiza mzunguko: yote matatu lazima yaende upande mmoja. Likienda moja kinyume, badilisha nafasi za waya mbili za mota hiyo, kisha rudia. Jaribio hili la dakika chache huokoa jioni nzima ya kutafuta kosa ndani ya programu ambayo haina kosa. Kagua pia skrubu ndogo zinazobana gurudumu kwenye ekseli, kwa sababu zikilegea mota huzunguka na gurudumu halizunguki, na dalili yake hufanana kabisa na hitilafu ya umeme.

Kosa moja la programu lafaa kutajwa kwa sababu karibu kila timu hupitia hapo. Kwenye bodi za udhibiti za kawaida za Arduino, agizo la kasi linaishia 255. Hesabu ikitoa 300, 150 na hasi 200, mwanafunzi mwenye haraka huikata ile 300 iwe 255 na kuziacha nyingine. Uwiano umevunjika, na roboti inakwenda njia nyingine tofauti na iliyoamriwa. Lazima zote tatu zipunguzwe kwa kadiri ileile: 255, 127 na hasi 170. Ikishakwenda sawa, ongeza kihisi cha jairo. Hicho hujua roboti imegeukia wapi, na programu hukitumia kutafsiri maagizo, hivi kwamba ukisukuma kijiti cha rimoti mbele roboti inakwenda mbali nawe, hata kama uso wake umekutazama wewe.

Udhaifu wake usifichwe. Kwenye mashindano ambamo roboti zinasukumana, kama yale ya FIRST yaliyoanzishwa na Dean Kamen, ambako roboti moja inaweza kuzidi kilo 50, chasisi hii husukumwa ovyo na yenye matairi ya kawaida. Kwenye mteremko hutelemka. Vumbi, nyuzi za zulia na nywele hujisokota kwenye rola hadi zinagoma. Nayo hupinduka upesi kuliko inavyoonekana: umbali kutoka kitovu hadi ubavu wa pembetatu ni nusu tu ya umbali hadi gurudumu, kwa hiyo betri nzito lazima ilale chini kabisa, katikati. Kwenye RoboCup, mashindano ya soka ya roboti, katika ligi ya roboti ndogo, zile zenye kipenyo kisichozidi sentimita 18, timu nyingi zimehamia magurudumu manne ili zipate nguvu ya kuchapuka.

Lakini katika RoboCup hiyohiyo, kwenye ligi ya ukubwa wa kati, timu ya Tech United ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, ilitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2012 kwa roboti za magurudumu matatu, ikautwaa tena 2014 na 2016. Na wanafunzi wa ETH Zurich walichukua magurudumu matatu yaleyale mwaka 2010, wakayageuza yakalie juu ya mpira mmoja, wakapata Rezero, roboti inayosimama na kukimbia juu ya mpira huo bila kuanguka. Hisabati yake ni ndugu ya hii tuliyoipiga kwenye plaiwudi.

Kwa timu inayotaka kusukumana na kupanda vizuizi, hukumu yangu ni kwamba itafute chasisi nyingine. Kwa klabu ya sayansi inayoanza, sioni mwalimu bora kuliko huyu. Kwa hiyo nawasihi walimu wa fizikia na hisabati: nunueni magurudumu ya omni matatu na mota tatu zenye gia zinazofanana kabisa, mengine yote fundi seremala na fundi wa redio wa mtaani watawasaidia. Waacheni wanafunzi wapige hesabu ya kasi tatu kwa mkono kwanza, kwenye daftari, kwa safari ya mbele, ya ubavuni na ya mshazari, na wasiwashe betri mpaka jumla ya kila safari iwe sifuri.