Tanki la gari lazima lipumue: jinsi ya kuzuia mafuta kumwagika katika njia ya Kasese, Bwera na Kasindi

Madereva wengi wanaopita barabara ya Kasese, Kikorongo na Bwera hadi mpaka wa Mpondwe wanalijua jambo hili. Unajaza tanki Kasese alfajiri, hewa ikiwa bado ya baridi. Saa saba mchana umo kwenye foleni mpakani, jua linawaka, na chini ya gari kuna doa bichi la mafuta. Harufu imeingia mpaka kwenye kabini. Tanboi anatafuta mfuko wa nailoni, anaulaza juu ya mdomo wa tanki, anakaza kifuniko juu yake, na safari inaendelea kuelekea Kasindi.

Kwa siku hiyo, mafuta yanaacha kumwagika. Lakini mfuko ule si dawa. Mara nyingi unageuza hasara ya nusu lita kuwa hasara ya tanki, pampu, mzigo, au hata gari zima. Makala haya yanaeleza kwa nini, na nini cha kufanya badala yake.

Kwa nini tanki lina tundu

Injini inapovuta mafuta, nafasi yanayoiacha ndani ya tanki lazima ijazwe na hewa. Hewa isipoingia, ndani kunabaki utupu, pampu inavuta kwa shida, na mwisho gari linazima njiani. Ndiyo maana kila tanki lina njia ya kupumulia. Katika magari mengi ya zamani njia hiyo imo ndani ya kifuniko chenyewe. Katika malori mengi ya dizeli ni mpira mwembamba unaotoka juu ya tanki. Katika magari mapya ya petroli, mvuke unapitishwa kwanza kwenye mkebe wenye mkaa maalumu unaoushika, kisha unavutwa na injini na kuchomwa.

Njia hiyo hiyo inayoingiza hewa ndiyo inayotoa hewa na mvuke mafuta yanapopata joto. Kwa hiyo tundu la tanki si kosa la kiwanda. Kosa ni pale tundu linapokuwa mahali pabaya, au linapopitisha mafuta badala ya hewa.

Joto, mlima na kona

Mambo matatu husukuma mafuta nje katika njia zetu.

La kwanza ni joto. Mafuta hutanuka yanapopata joto. Dizeli lita 300 ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 40 inaongezeka kwa karibu lita 5. Petroli hutanuka zaidi kidogo: lita 60 kwa joto hilo hilo zinaongezeka kwa zaidi ya lita 1. Kumbuka kwamba mafuta yanatoka katika matanki yaliyozikwa ardhini, ambako kuna ubaridi hata mchana. Ukijaza mpaka mdomoni na kuegesha juani, mafuta hayo ya ziada hayana pa kwenda isipokuwa nje.

La pili ni mlima. Kasese na Kasindi ziko chini, ndani ya bonde la ufa. Ukitoka hapo kwenda Butembo, au ukivuka Katunguru na kuupanda ukingo wa bonde kuelekea Rubirizi, uzito wa hewa ya nje unapungua kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 unazopanda. Ukipanda mita 800 na tanki limezibwa kabisa, kipande cha bati chenye upana wa sentimita 50 kwa 50 kinasukumwa kutoka ndani kwa nguvu inayokaribia kilo 200. Ukishuka na tanki lililozibwa ukiwa juu, nguvu inageuka na bati linabonyea ndani. Hapo ndipo maungio ya tanki yanapoanza kuchanika.

La tatu ni mtikisiko. Katika kona, breki za ghafla na mashimo, mafuta hupiga mawimbi ndani ya tanki. Tanki la kiwandani huwa na kuta za ndani zenye matundu za kuvunja mawimbi hayo. Matanki mengi yanayoundwa kwenye gereji za mitaani, hasa ya ziada yanayofungwa ubavuni mwa lori, hayana kuta hizo. Hata watu wa Ulaya wanaojiundia nyumbani nakala za magari ya kizamani hukutana na taabu hii hii: tanki zuri la kuundwa kwa mkono, mpira wa hewa uliofungwa chini mno, na petroli inayomwagika kila wanapokata kona.

Dalili za kuangalia

Kabla ya kubadilisha kitu chochote, jua kwanza una tatizo gani. Yapo mawili, na tiba zake ni tofauti.

Kama njia ya hewa imeziba, gari linakwenda vizuri kwa muda, kisha linakosa nguvu na kukohoa, kisha linazima. Likipumzika linawaka tena. Likizima tena, simama mahali salama mbali na moto na sigara, ulegeze kifuniko polepole. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa sauti, na gari likarudia nguvu yake, umepata jibu. Vumbi la barabara za murram, matope, na nyigu wanaojenga kwa udongo ndani ya mipira ni sababu za kawaida.

Kama njia ya hewa iko wazi lakini mafuta yanamwagika, tafuta yanatokea wapi. Gari likiwa limezimwa na limepoa, futa sehemu ya juu ya tanki, shingo ya kujazia na mipira yote mpaka pakauke. Paka unga wa chaki. Endesha kilomita chache zenye kona, kisha angalia ni wapi chaki imelowa. Mara nyingi utakuta ni mojawapo ya sehemu nne: mpira wa kifuniko, mpira wa shingo uliopasuka, mpira wa hewa, au mpira unaozunguka kipimo cha mafuta juu ya tanki.

Hasara si ya dereva peke yake

Wafanyabiashara wengi hufikiri haya ni mambo ya mwenye gari. Sivyo. Kahawa na kakao zinazotoka upande wa Beni, unga, na samaki wakavu ni bidhaa zinazonyonya harufu haraka. Gunia lililolala usiku mmoja juu ya mvuke wa petroli linaweza kukataliwa na mnunuzi, na hakuna jua litakaloiondoa harufu hiyo kabisa. Mwenye mzigo ana haki ya kunusa gari kabla ya kupakia.

Hesabu pia ipo. Tuseme lori linapoteza nusu lita kila safari, na linakwenda safari nne kwa wiki. Kwa mwaka ni lita 104. Anayelipia lita hizo anaweza kununua kifuniko kipya na mpira mpya, na akabaki na chenji nzuri. Na dizeli inayomwagika kwenye kona inawaangusha watu wa boda boda wanaokuja nyuma.

Hatua za kurekebisha

1. Tumia kifuniko kinachofaa. Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Vipo vifuniko vyenye valvu ya hewa na vipo vilivyofungwa kabisa, na kwa macho vinafanana. Kama tanki lako halina mpira wa hewa, kifuniko lazima kiwe na valvu. Kama lina mpira wa hewa, kifuniko kilichofungwa kinafaa. Kifuniko kilichopotea kikibadilishwa na chochote kinachoingia, taabu inaanza siku hiyo. Badilisha pia mpira wa kifuniko ukikauka na kupasuka.

2. Pitisha mpira wa hewa juu kwanza. Mpira uanzie sehemu ya juu kabisa ya tanki, upande mpaka juu ya usawa wa mdomo wa kujazia, upinde, ndipo ushuke. Mafuta yanayopiga mawimbi hayatapanda kirahisi mpaka hapo, lakini hewa itapita. Kwa tanki la ubavuni, vusha mpira kwenye upande wa pili wa chesi kabla ya kuushusha. Hivyo gari likiegemea kwenye mteremko, mafuta hayapati njia ya kutiririka.

3. Usiache bonde katikati ya mpira. Mpira ukilegea na kuning'inia, mafuta hukusanyika pale chini na kuziba hewa. Ufunge kila sentimita chache. Tumia mpira wa mafuta, si ule wa maji, kwani wa maji hulainika na kuoza.

4. Chagua mahali pa kumalizia. Ncha ielekee chini, mbali na bomba la moshi, betri, breki, kabini na mzigo. Weka kichungi kidogo cha kuzuia vumbi na wadudu. Kama unaweza kupata valvu yenye gololi inayojifunga gari likipinduka, iweke. Ni kitu kidogo kinachookoa maisha.

5. Acha nafasi. Usijaze mpaka mdomoni. Asilimia 5 ya tanki ibaki tupu: lita 5 kwa tanki la lita 100, lita 20 kwa tanki la lita 400. Pampu ikijikata mara ya kwanza, inatosha. Katika magari yenye mkebe wa mkaa, kulazimisha mafuta zaidi huingiza petroli ndani ya mkebe na kuuharibu.

6. Unapounda tanki jipya, mwambie fundi aweke kuta za ndani zenye matundu, na tundu la hewa juu kabisa. Ni rahisi kuyasema kabla bati halijakatwa.

Maji ya Nyamwamba

Watu wa Kasese hawahitaji kukumbushwa mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013 na Mei 2020. Lakini hata mvua za kawaida zinajaza maji barabarani, na hapo mpira wa hewa uliomalizikia chini ni hatari nyingine. Tanki lenye joto likizama kwenye maji baridi linapoa ghafla, linavuta hewa, na kama ncha ya mpira imo ndani ya maji, linavuta maji. Maji kwenye dizeli huharibu pampu na nozeli, na matengenezo yake ni ghali. Kwa magari yanayovuka maji mara kwa mara, malizia mpira juu, nyuma ya kabini kwa upande wa nje, ncha ikitazama chini na kufunikwa isipate mvua.

Mambo ya kutofanya

Usizibe tundu kwa nailoni, kitambaa, sabuni wala kijiti. Umeshaona nguvu inayojengeka ndani. Siku utakapofungua kifuniko, petroli inaweza kukurukia usoni.

Usichomelee tanki lililowahi kubeba mafuta. Wengi hudhani tanki tupu ni salama kuliko lililojaa. Ni kinyume. Tanki tupu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na huo ndio unaolipuka. Kuliosha kwa maji na sabuni hakutoi uhakika. Nunua jingine, au mpelekee fundi mwenye vifaa vya kuondoa mvuke na kuupima.

Usitafute mvujo kwa kiberiti wala kwa jiko la mkaa karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unakaa kwenye mitaro na mashimo, na unaweza kufuata moto ulio mbali na gari. Dizeli haiwaki upesi hivyo, lakini ikidondokea bomba la moshi lenye joto kali inaweza kuwaka.

Na ukikuta mafuta yamemwagika, ondoka na uwaondoe wengine. Huko Sange, Kivu Kusini, lori la mafuta lilipinduka Julai 2010 na moto ukaua zaidi ya watu 200, wakiwemo waliokuwa wamekaribia mafuta yaliyokuwa yakivuja. Morogoro, Tanzania, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori jingine kupinduka na watu kukusanyika kuchota petroli. Hayo yalikuwa malori makubwa, lakini mvuke uliowaua ni ule ule unaotoka kwenye tanki la pikapu yako.

Ndugu dereva, kabla ya safari ijayo, jipe dakika kumi. Fungua kifuniko ukiangalie mpira wake. Fuata mpira wa hewa kwa mkono tangu juu ya tanki mpaka ncha yake. Uchomoe kwenye tanki na uupulize kwa mdomo kuona kama hewa inapita, usiuvute kamwe. Kama kuna nailoni chini ya kifuniko, itoe leo. Mafuta yakianza tena kumwagika, sasa unajua pa kuanzia. Safari njema.