Chujio la Hewa na Nguvu za Motokaa

Wauzaji wengine wa vyombo vya motokaa husifu sana aina moja ya chujio la hewa. Husema kwamba mwenye motokaa akiliondoa chujio lililotoka kiwandani, akatia hilo jipya, injini yake itapata nguvu zaidi. Bei yake huwa kubwa kuliko ya chujio la kawaida. Je, maneno hayo ni ya kweli? Kabla ya kujibu, yafaa kufahamu jinsi injini ipatavyo nguvu zake.

Injini ya petroli huvuta pumzi kama kiumbe chenye uhai. Ndani yake mna silinda, na katika kila silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Pistoni ishukapo, hewa huvutwa ndani, ikachanganyika na petroli. Kisha mchanganyiko huo hushindiliwa, huwashwa kwa cheche, na moto wake huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Kila kilo 1 ya petroli yahitaji karibu kilo 15 za hewa ipate kuungua sawasawa. Injini ya lita 2, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku dereva amekanyaga mafuta mpaka mwisho, humeza yapata lita 3,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Basi ni kweli kwamba hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi yaweza kuungua, na nguvu zaweza kuzidi. Hiyo ndiyo hoja ya wauzaji.

Nguvu hizo huhesabiwa kwa nguvu za farasi. Kipimo hicho kilianzishwa na James Watt, fundi wa Uskoti aliyeishi toka mwaka 1736 hata 1819, alipotaka kuwaonyesha wanunuzi kazi ya injini yake ya mvuke. Nguvu moja ya farasi ni kuinua ratili 550 kwa futi 1 katika sekunde 1. Kwa hiyo kuongezeka kwa nguvu si jambo la kukisia. Ni jambo la kupimwa.

Sasa, chujio lina kazi gani? Kazi yake ni kuzuia vumbi. Katika vumbi la barabarani mna chembe ngumu za mchanga, nazo zikiingia katika silinda huzikwangua kuta zake kama msasa ukwanguavyo mbao. Chujio la kawaida ni karatasi yenye mikunjo mingi. Ikikunjuliwa huwa pana sana, hata hewa hupita bila taabu. Waundaji wa motokaa hupima ukubwa wake kwa kufikiri hewa nyingi kabisa itakayohitajiwa. Tena, dereva asipokanyaga mpaka mwisho, mlango mdogo ulio katika bomba la hewa huwa haukufunguka wote. Mlango huo ndio uzuiao hewa, wala si chujio.

Katika mwaka 2009 wataalamu wa maabara ya Oak Ridge, nchini Marekani, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya machujio yaliyozibwa. Motokaa za kisasa hazikutumia petroli zaidi, kwa sababu kompyuta ya injini hupunguza petroli hewa ipunguapo. Lakini zilichelewa kushika mwendo. Basi chujio lililoziba huondoa nguvu, na kulibadili hurudisha zile zilizopotea. Mtu aondoaye chujio lililojaa vumbi na kutia lile la bei kubwa huona gari limechangamka, akalisifu chujio jipya. Hajui kwamba karatasi safi ya bei ndogo ingalimfaa vivyo hivyo.

Na kama chujio la zamani lilikuwa safi? Hapo faida, ikiwapo, aghalabu ni ndogo mno, hata dereva hawezi kuitambua. Joto la mchana peke yake laweza kuleta tofauti kama hiyo, maana hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Machujio mengine huifanya injini ivume zaidi inapovuta hewa, na dereva hudhani kwamba mvumo ni nguvu. Lakini wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Injini za mashindano, zilizobadilishwa ili zimeze hewa nyingi kupita kiasi, ni habari nyingine.

Liko na jambo la kuogopwa. Kung'uto lenye matundu mapana hupitisha tui upesi, lakini chicha nayo huanguka chunguni. Kadhalika chujio lipitishalo hewa kwa wepesi kwa kuwa matundu yake ni mapana laweza kupitisha na vumbi. Hasara yake haionekani siku ile. Huonekana baadaye, injini inapoanza kula oili na kutoa moshi, na gharama ya kuitengeneza hupita mbali bei ya machujio mengi.

Kwa hiyo mwenye motokaa aliye na busara hulifungua sanduku la chujio mara kwa mara, hasa akisafiri katika njia za vumbi. Likiwa limeziba, hulibadili kwa jingine lililo safi na lenye kukaa sawasawa mahali pake. Hapo injini yake itavuta pumzi vema, nayo itadumu.