Matairi Mapya, Upepo Kiasi Gani? Maelezo kwa Wenye Magari ya Spoti

Tuchukue mfano wa mkazi wa Mwisenge, katika Manispaa ya Musoma, mwenye Subaru Impreza iliyoingizwa nchini kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika. Amenunua matairi manne mapya mjini, fundi ameyafunga na kuyajaza upepo, na kesho yake alfajiri gari linatarajiwa kuwa njiani kuelekea Mwanza likiwa na watu wazima wanne na mizigo yao. Anapouliza ni upepo kiasi gani uliowekwa, anajibiwa kwa kujiamini: "Arobaini na nne, kama tairi lenyewe linavyosema." Fundi hakudanganya. Ubavuni mwa tairi kweli imeandikwa PSI 44. Hata hivyo, tarakimu hiyo haina maana ambayo wote wawili wanaidhania, na gari linakwenda kusafiri zaidi ya kilomita 200 kwa upepo usio wake.

Tarakimu iliyo ubavuni, iwe 44, 50 au 51, ni kikomo. Ni kiasi cha juu kabisa cha upepo ambacho tairi hilo halipaswi kupitishwa likiwa baridi. Imeandikwa na mtengenezaji wa tairi, ambaye hajui bidhaa yake itafungwa kwenye gari gani. Tairi lile lile laweza kubeba gari la kilo 1,100 leo na la kilo 1,600 kesho. Anayejua uzito wa gari, namna uzito huo ulivyogawanyika kati ya mbele na nyuma, na ugumu wa springi zake, ni mtengenezaji wa gari. Jibu la swali letu, basi, limebandikwa garini.

Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye nguzo ya mlango au kwenye ukingo wa mlango wenyewe. Hapo pana kibandiko kidogo chenye saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Katika magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kibandiko hicho huwa kwa Kijapani, na wengi hukata tamaa kabla ya kukisoma. Haifai, kwa kuwa saizi na tarakimu zimeandikwa kama tulivyozoea. Alama 前 maana yake ni mbele, na 後 ni nyuma. Kipimo kinachotumika ni kilopaskali, kwa kifupi kPa. Ukigawanya kilopaskali kwa 6.9 utapata PSI: 230 ni PSI 33 na ushei, 220 ni karibu na 32. Huenda pembeni ukaona pia tarakimu kama 2.3, hizo ni kilo kwa sentimita ya mraba, na zinaeleza upepo ule ule. Endapo upepo wa mbele na wa nyuma unatofautiana, tofauti hiyo imewekwa kwa makusudi ili gari litulie kwenye kona na wakati wa kufunga breki. Fundi anayejaza magurudumu yote manne sawasawa ameifuta kazi hiyo.

Kwa nini basi matairi mapya mara nyingi hutoka kwa fundi yakiwa na upepo uliozidi? Sababu moja ni kwamba, ili kingo za tairi jipya zikae vyema kwenye rimu, hulazimu kujaza upepo mwingi kuliko wa kutembelea, hadi usikike mlio wa kingo hizo kupachikana. Hatua hiyo ni sahihi. Kinachosahauliwa ni kushusha upepo baadaye. Mlaji anayo haki ya kusimama pale na kuomba apimiwe kila gurudumu mbele ya macho yake, na fundi mzuri hataona hilo kuwa ni kumdharau.

Tairi lililojazwa kupita kiasi hugusa barabara kwa sehemu ya katikati pekee. Kashata zake, yaani ile michoro inayoshika barabara, huisha katikati kabla ya pembeni, na lami inapolowa gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Upepo ukipungua, mambo huwa mabaya zaidi. Ubavu wa tairi hujikunja na kujinyoosha kila gurudumu linapozunguka, joto hujengeka ndani ya mpira na nyuzi zake, na mwendo ukiwa mkubwa na mzigo ukiwa mzito tairi laweza kupasuka hata kama lilitoka dukani juzi. Magari ya spoti yana hatari ya ziada hapa, nayo ni kwamba ubavu wa matairi yake ni mfupi. Tairi la kawaida likipungukiwa upepo huonekana limebonyea. Tairi lenye ubavu mfupi laweza kupungukiwa na PSI 8 au 10 na bado likasimama kana kwamba halina tatizo. Kulipiga teke hakusaidii. Kunahitajika geji.

Lipo jambo moja ambalo kibandiko cha mlangoni hakiwezi kulijibu moja kwa moja. Magari mengi ya namna hii huja yakiwa na rimu kubwa kuliko za kiwandani, au mmiliki huzibadilisha kwa ajili ya mwonekano. Tuseme kibandiko kinataja 205/55R16 91V. Tarakimu 91 ni namba ya uzito, na maana yake ni kwamba tairi moja laweza kubeba kilo 615. V ni kikomo cha mwendo, kilomita 240 kwa saa. Muuzaji anakupa 215/45R17 87W. Kimo cha gurudumu kinakaribiana, nalo linaingia bila kugusa bodi, lakini 87 ni kilo 545. Umepoteza kilo 70 kwa kila gurudumu, na hakuna upepo utakaozirudisha salama. Dai tairi la saizi hiyo lenye namba 91, ambalo kwa kawaida huwa na herufi XL ubavuni. Tairi la XL nalo lina sharti lake: hufikia uwezo wake wote kwa upepo wa juu zaidi, hivyo ukilijaza PSI 33 zilizokusudiwa tairi la zamani, halitabeba kilo zile 615. Muuzaji aombwe jedwali la uzito na upepo la mtengenezaji wa tairi hilo, na upepo uchaguliwe humo kwa kulinganisha na mzigo wa tairi la kiwandani. Asiyeweza kulitoa, ni afadhali umrudie mwingine mwenye saizi iliyoandikwa mlangoni.

Kiasi chochote kilichotajwa hapa ni cha tairi baridi, yaani gari lililoegeshwa kwa saa tatu au zaidi, au lililotembea kilomita mbili tatu tu kwa mwendo mdogo. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, upepo huongezeka kwa karibu PSI 1.5. Ukisimama Bunda au Lamadi kupumzika na kukuta PSI 33 zako zimekuwa 37 au 38, hiyo ni kawaida. Usizipunguze, kwa sababu jioni tairi likipoa litakuwa limepungukiwa. Wakati mzuri wa kupima ni asubuhi kabla jua halijapiga magurudumu ya upande mmoja. Anayeleta gari kutoka Dar es Salaam alipime upya akifika, maana Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje ikiwa nyepesi zaidi geji huonyesha takriban PSI 2 za ziada kwa upepo ule ule, kama joto halikubadilika.

Matairi mapya yapimwe tena siku ya pili, kisha baada ya wiki moja, na tangu hapo walau mara moja kwa mwezi. Kilomita mia mbili tatu za mwanzo ziendeshwe kwa utulivu, kwani uso wa tairi jipya bado una utelezi wa kiwandani. Geji ya mkononi si ghali, na kuwa na yako kunakuondolea shaka ya kompresa ya kila kibanda cha pancha, ambayo huenda geji yake imeanguka chini mara nyingi. Ukishawishiwa kulipia naitrojeni, kumbuka kuwa hewa ya kawaida ni naitrojeni kwa takriban asilimia 78. Upepo wa kawaida unaopimwa mara kwa mara unatosha.

Kabla ya kulipa, soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa stoo miaka mingi si jipya kwa maana ambayo mlaji anailipia. Dai risiti inayotaja chapa, saizi, namba ya uzito na idadi ya matairi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na risiti yenye maelezo hayo ndiyo itakayofanya lalamiko lako lishughulikiwe kwa urahisi.

Mwisho, funua buti. Tairi dogo la akiba linalokuja na magari mengi ya Japani huhitaji kPa 420, yaani karibu PSI 60, na kwa kawaida haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Aghalabu ndilo linalosahauliwa siku ya kupima.